Ratiba ya sanaa ya nyumbani inapokwama Nyanda za Juu Kusini: dalili, sababu na la kufanya

Mwaka wa kwanza nilipoamua kuwafundisha wanangu sanaa hapa nyumbani Mbeya, nilitengeneza jedwali la wiki 52 nikalibandika ukutani. Kila wiki ilikuwa na mada yake: rangi za maji, kofia za karatasi, vinyago vya udongo, picha ya familia. Kufikia wiki ya tisa mvua ilikuwa inanyesha mfululizo, kazi za rangi za maji zimelala stoo zikiwa na madoa ya ukungu, na mwanangu mkubwa ameanza kuumwa kichwa kila Jumatano, siku ya sanaa. Nilidhani hapendi kuchora. Anapenda, mpaka leo. Kilichokuwa kibovu ni kalenda.

Tangu hapo nimekaa mezani na wazazi wengine wa Mbeya, Tukuyu na Iringa, wengine wakifundisha nyumbani mwaka mzima, wengine jioni na wakati wa likizo, na matatizo yetu yanafanana sana. Nayaeleza hapa kama fundi anavyokagua mashine: unachokiona, kinachokisababisha, cha kufanya. Ninaloliamini kuliko yote ni kwamba shida nyingi tunazomtwika mtoto zinatokana na majira tuliyoyapuuza tulipopanga mwaka.

Neno moja kwanza. Elimu ya msingi ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1978, kwa hiyo anayefikiria kumtoa mtoto darasani kabisa azungumze kwanza na afisa elimu wa kata yake. Mengine yote yaliyomo humu yanamfaa hata mzazi ambaye mtoto wake yuko shuleni na sanaa anaipata Jumamosi kwenye meza ya jikoni.

Ratiba imekufa kabla ya Machi

Sababu ya kwanza ni wingi. Wiki 52 hazipo. Toa wiki za kupanda na za palizi, toa mavuno, toa msiba na harusi, toa mafua ya Juni na Julai, toa safari ya kwenda kumsalimia bibi Kyela. Panga vipindi 30 vya saa moja na nusu, basi. Wiki zilizobaki ziache wazi kabisa. Kipindi kikikosekana kinahamia kwenye wiki iliyo wazi, na hakuna mtu anayejiona ameshindwa.

Sababu ya pili ni kurukaruka. Mtoto akishika brashi wiki moja na kuiacha miezi mitatu, kila safari anaanza upya. Mkono unajifunza kwa kurudia. Kaa na kifaa kimoja wiki tano au sita kabla ya kuhama.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: mpangilio umetoka kwenye kitabu au kwenye simu, umeandikwa na mtu ambaye kwake Januari ni theluji na Julai ni jua kali. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, baridi inabana Juni na Julai, kisha upepo na vumbi mpaka mvua irudi. Mwaka wangu sasa unakwenda hivi. Januari hadi katikati ya Machi tunachora kwa mkaa na penseli, ndani. Machi hadi Mei ni kusuka, kukata na kubandika, na kupiga chapa kwa viazi mviringo, ambavyo kwetu havina taabu kupatikana. Mwisho wa Mei tunachimba udongo, Juni na Julai tunafinyanga, Agosti au Septemba tunachoma. Septemba na Oktoba, wakati mijakaranda imechanua, tunatoka nje na rangi. Novemba tunarudia tulichokishindwa, na mwanzoni mwa Desemba tunatundika kazi sebuleni na kuwaita majirani.

Mpangilio huo ni wa Mbeya mjini. Mzazi wa Tukuyu asiuchukue ulivyo, maana Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na manyunyu hayaishi hata Juni. Yeye asogeze uchomaji mpaka Septemba na Oktoba, pamoja na rangi. Mzazi wa Iringa mjini ana kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba. Anaweza kuanza rangi mapema, lakini udongo wake utakauka haraka mno, jambo nitakalolirudia.

Kitu kimoja kinapita katika miezi yote: mlima. Kila mwisho wa mwezi watoto wangu wanakaa mahali palepale pa uwanja na kuuchora Mlima Loleza, dakika ishirini, karatasi ya ukubwa uleule. Iwe kuna wingu, iwe kuna moshi wa nyasi zinazoungua Septemba. Anayeishi mbali na mlima achague mgomba nyuma ya jiko, au mwamba, au mti wa jirani. Jambo hili dogo ndilo linaloshikilia mwaka mzima, na mwishoni nitaeleza lina kazi gani.

Karatasi inajikunja, rangi haikauki, kazi inaota ukungu

Ukiona karatasi imejikunja kama jani la tumbaku mara tu inapoguswa na maji, tatizo ni karatasi. Ile ya kuchapishia, ya gramu 80, haikutengenezwa kubeba maji. Tumia manila, au kata maboksi ya dukani, uyapake upande mmoja mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji ya ukutani, uache yakauke. Boksi lililopakwa hivyo linabeba rangi vizuri kuliko karatasi nyingi za bei kubwa.

Ukiona rangi ina unyevu mpaka kesho yake, tazama nje. Hewa iliyojaa maji haiwezi kunyonya maji mengine. Dawa ni kuahirisha rangi za maji mpaka kiangazi. Wakati wa mvua fanya kazi kavu.

Ukungu unatokea kazi zikilazwa moja juu ya nyingine zikiwa bado mbichi, hasa zilizobandikwa kwa uji wa ngano. Zitundike kwa vibanio vya nguo kwenye kamba jikoni, siku mbili, mbali na mvuke wa sufuria. Uji upike kidogo kidogo wa kutumia siku hiyohiyo. Uliolala siku tatu ndio unaoleta madoa.

Udongo unapasuka, unalipuka au unayeyuka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa, na ndipo mkoa wetu ulipo na utajiri. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanafinyanga kwa mkono na kuchoma kwenye moto wa wazi, na vyungu vyao huuzwa soko la Lyulilo karibu na Matema. Hawana tanuri la umeme. Ukipata nafasi ya kumpeleka mtoto pale, mpeleke, na umwache atazame mikono yao muda mrefu bila kumharakisha.

Anza na udongo wenyewe. Udongo mweusi mwepesi wa volkano unaostawisha migomba na chai Rungwe mara nyingi haushikani. Tafuta bondeni au kingo za mto, chini ya tabaka lenye mizizi. Kipimo chake ni hiki: viringisha kipande kiwe chembamba kama penseli, ukizungushe kwenye kidole. Kikijipinda bila kupasuka, chukua. Kikikatika, hakifai peke yake. Uloweke udongo kwenye ndoo, uchuje kwa kipande cha chandarua kuondoa mawe na mizizi, uuache utulie, umwage maji ya juu, kisha uutundike ndani ya foronya kuukuu mpaka ukandike kama unga wa chapati.

Sasa dalili, moja moja.

Nyufa mdomoni mwa chungu, siku ya kwanza au ya pili. Mdomo ni mwembamba, umekauka kabla ya tumbo. Upepo wa Agosti unafanya hivi, na Iringa hata wa Juni. Funika mdomo kwa kitambaa chenye unyevu, kazi iwekwe kivulini, ndani, na ichukue wiki mbili kukauka. Kwa sababu hii napenda kufinyanga Juni na Julai: baridi yetu inakausha taratibu bila mtu kuilazimisha. Ila walioko Makete, Njombe na karibu na Kitulo wasiache kazi mbichi nje usiku. Maji yaliyo ndani ya udongo yakiganda yanatanuka, na asubuhi unakuta chungu kimechambuka.

Ufa kwenye kitako. Kitako hakikukandamizwa. Mtoto alibonyeza kingo na kusahau katikati. Mfundishe kukipigapiga kwa kijiko cha mti kabla ya kupandisha kuta.

Mkono au sikio la chungu limebanduka. Vipande viwili viliungwa kimoja kikiwa kibichi na kingine kimeshaanza kukauka, au viliungwa kwa maji matupu. Vikwaruze vyote viwili kwa uma, paka tope zito la udongo uleule, kandamiza, funika pamoja usiku mzima ili unyevu ulingane.

Mlio wa "pa!" motoni na vipande kuruka. Wengi wanasema ni hewa. Chanzo halisi mara nyingi ni maji: kwenye nyuzi 100 yanageuka mvuke, mvuke unataka nafasi kubwa, na ukuta mnene hauupi njia. Kwa hiyo kuta zisizidi unene wa sentimita moja. Kinyago cha tembo kitobolewe tumbo kiwe wazi ndani. Changanya sehemu moja ya mchanga mwembamba au vigae vilivyopondwa kwa sehemu tano za udongo. Chembe hizo zinaupa mvuke mahali pa kupitia. Kabla ya kuchoma, gusisha chungu shavuni. Ukihisi ubaridi, bado kina maji. Kikiwa tayari, kizungushie moto mdogo kwa mbali, saa moja hadi mbili, ukikigeuza, ndipo ukisogeze katikati. Funika kwa nyasi kavu, magunzi na mavi makavu ya ng'ombe, moto upande polepole. Watoto wakae hatua kumi nyuma, wavae viatu, na anayeshika fimbo ya moto awe mtu mzima.

Chungu kimetoka kizima, lakini ukikitia maji kinalainika na kurudi kuwa tope. Hakikuiva. Udongo hugeuka kigae kisichorudi nyuma kuanzia karibu nyuzi 600, na moto wa wazi unaolishwa vizuri unafika huko na kupita. Dalili ya kuiva ni vyungu kung'aa wekundu ndani ya makaa. Moto wa nyasi pekee unaozimika baada ya dakika kumi hautoshi. Kichome tena. Madoa meusi yasikusumbue, ni moshi tu, na watoto wengi wanayapenda kuliko rangi yoyote.

Mwambie mtoto mapema kwamba vingine vitavunjika. Kila mtoto afinyange vitu vitatu au zaidi, asiweke moyo wake wote kwenye kimoja.

Kila rangi inaishia kuwa tope

Maji machafu, au rangi nyingi mno mezani. Weka makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia brashi na jingine la kuchukulia maji safi. Kisha ondoa boksi lenye rangi kumi na mbili. Toa manjano, buluu, nyekundu kidogo na nyeupe, basi. Nyekundu, manjano na buluu zikikutana zote kwa wingi zinazaa kahawia. Hilo si kosa la mtoto, ndivyo rangi zilivyo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kijani. Simama na watoto mahali unapoona mgomba, shamba la mahindi, chai na misonobari kwa pamoja, na kwetu hapo si pagumu kupapata. Waulize ni kijani ngapi. Kisha wachanganye kijani saba bila kugusa kopo la kijani. Manjano nyingi na buluu chembe inatoa jani changa la mgomba. Ongeza nyekundu kidogo, kijani kinatulia na kuwa cha msonobari. Manjano na nyeusi, watu wazima wengi hawaamini, vinatoa kijani cha jani lililozeeka. Wiki mbili nzima kwenye kijani peke yake hazijawahi kupotea bure kwangu.

Fedha ya vifaa imeisha Mei

Umenunua vitu vya kumaliza kabla ya kununua vya kudumu. Fedha iende kwanza kwenye brashi mbili nzuri kwa kila mtoto, mkasi unaokata kweli, na manila. Vingine vingi vinatengenezwa.

Mkaa wa kuchorea: chukua vijiti vilivyonyooka, vikavu, unene wa penseli, vimenywe gome. Vipange vibanane ndani ya kopo la maziwa ya unga, funika, toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko, weka kopo ndani ya jiko linalowaka. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma, baada ya kama saa moja, epua na uache lipoe kabisa bila kufungua. Ukilifungua likiwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto na unabaki na majivu.

Rangi ya udongo: chota udongo mwekundu, wa manjano na mweupe kutoka sehemu tofauti za barabara iliyokatwa, kausha, ponda, chekecha kwa kitambaa chembamba. Changanya unga huo na gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji, nusu kwa nusu, au na kiini cha yai kwa kazi ndogo. Nyeusi itoke kwenye masizi ya chungu. Manjano ya binzari inapendeza siku ya kwanza na kufifia ikikaa juani. Wekundu wa udongo haufifii, kwa sababu ni chuma kilichoshika kutu. Ukitaka mtoto aelewe hilo bila kumweleza sana, mpeleke Igeleke, karibu na mji wa Iringa, akaone michoro ya kale iliyopakwa kwa wekundu huo juu ya mwamba. Siku hiyohiyo mnaweza kwenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya kuja Mbeya, ambako nguzo za udongo zilizochongwa na maji ni somo zuri la mwanga na kivuli, na zana za mawe zilizookotwa pale ni ushahidi kwamba mkono wa mtu umekuwa ukitafuta umbo zuri tangu zamani sana.

Kuna wazazi wanaotaka kutumia rangi ya mafuta ya kopo, kwa kuwa wamesikia Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alichorea rangi za aina hiyo juu ya vipande vya ubao mgumu wa kiwandani (hardboard) wa ujenzi. Ni kweli, na kazi yake ilizaa mtindo mzima kabla hajafariki mwaka 1972. Lakini yule alikuwa mtu mzima. Rangi hizo zina mvuke mkali, na baadhi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Zisubiri.

Kwa upande wa kusuka, familia za Iringa zina bahati. Vikapu vya milulu vya akina mama wa Kihehe viko sokoni, na mtoto akifumua kikapu kuukuu taratibu atajifunza mengi kuliko kwenye mchoro wa kitabu. Nunua kizima kimoja, na uombe kilichochakaa cha kufumua.

Watoto wote wanachora nyumba ileile

Paa la pembetatu, jua pembeni lenye miale, mti wenye matunda mekundu ya duara, ndege wenye umbo la herufi M. Hakuna nyumba kama hiyo mtaani kwenu, wala mti huo.

Angalia umri kwanza. Mtoto wa miaka mitatu au minne anayechora kichwa chenye miguu bila kiwiliwili, na wa miaka sita anayepanga kila kitu juu ya mstari mmoja wa ardhi, wako sawasawa. Hapana tiba kwa kisicho ugonjwa. Waache, wape karatasi kubwa zaidi.

Kwa wa miaka minane na kuendelea, chanzo huwa ni kunakili. Amemwona mkubwa akichora hivyo, au mwalimu ubaoni, au mama mwenyewe. Pengine mama alichukua penseli akachora "ili kumwonyesha". Nakusihi, usiandike kitu kwenye karatasi ya mtoto. Ukitaka kuonyesha, chukua karatasi yako.

La kufanya ni kumpa kitu cha kutazama. Parachichi lililokatwa katikati, lenye kokwa. Hindi bichi lililomenywa nusu. Kiatu cha babu. Mwambie jicho litembee kwenye ukingo wa kile kitu polepole kama siafu, na penseli iende kwa mwendo huohuo, bila kunyanyuliwa na bila kutazama karatasi. Mchoro utatoka umepinda, lakini kila mstari utakuwa ameuona yeye. Fanya hivyo mwanzo wa kila kipindi, dakika tano. Wiki ya nne au ya tano ile nyumba ya pembetatu inaanza kupata bati, mlango wa mbao, na ndoo chini ya mchirizi.

Sisemi kunakili ni haramu. Wachoraji wengi wamejifunza kwa kukaa kando ya bwana wao na kumfuata. Ila kuwe na siku yake, na mtoto ajue kwamba leo ananakili.

"Sijui kuchora"

Sentensi hii huja kati ya miaka tisa na kumi na miwili, mara nyingi ghafla, na mara nyingi kwa yule aliyekuwa anapenda kuliko wote. Anafutafuta mpaka karatasi inatoboka. Anakunja kazi na kuitupa kabla hujaiona. Anachora watu wakiwa wameficha mikono mgongoni, maana vidole vinamshinda. Au kichwa kinamuuma kila Jumatano.

Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha sanaa Marekani, alizieleza hatua za uchoraji wa watoto mwaka 1947, na hii aliiita mwanzo wa uhalisia. Jicho la mtoto limekua haraka kuliko mkono wake. Jana alichora ng'ombe akaridhika. Leo anamwona ng'ombe vizuri zaidi, na anaona kwamba alichokichora hakimfanani. Huko kutoridhika ni dalili ya kukua, na mtoto anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, uso kwa uso, kwa maneno yasiyo ya kubembeleza. Ukimwambia "nzuri sana mwanangu" na yeye anaona si nzuri, anajifunza kwamba macho yako hayaaminiki.

Mwulize, "Wapi hapafanani?" Atakuonyesha mahali. Labda miguu. Basi kipindi kizima kiwe cha miguu ya ng'ombe, shambani, ng'ombe akiwa amesimama mbele yenu. Tatizo kubwa limekuwa tatizo dogo lenye mahali pake. Mfundishe pia kutazama nafasi iliyo wazi: achore umbo la anga linaloonekana kati ya miguu minne, badala ya miguu yenyewe. Akili haina jina la umbo hilo, kwa hiyo inalazimika kulitazama. Kwa mtoto aliyekwama, zoezi hili limenisaidia kuliko jingine lolote.

Mwondolee raba kwa mwezi mmoja. Mpe mkaa, unaochafua na kufutika kwa kidole, usiomruhusu kuhangaika na vidole vya mikono. Na umpe kazi isiyopimwa kwa kufanana: chapa za viazi, kusuka, chungu. Mtoto anayeshindwa kuchora Machi anaweza kuwa ndiye mfinyanzi bora wa nyumba Julai, na hilo linamrudishia uso mbele ya wadogo zake.

Ikiwa ameanza kulia au kukataa kukaa mezani, acha. Wiki tatu. Ndiyo maana uliacha wiki wazi.

Wa miaka mitano na wa kumi na miwili mezani pamoja

Usiandae masomo mawili, utachoka kabla ya Pasaka. Weka kitu kimoja mezani na ubadilishe unachokidai. Mkungu wa ndizi: mdogo apake rangi umbo lake kubwa kwa viganja, wa kati ahesabu na kuchora vichane vinavyopishana, mkubwa achore kivuli cha kichane kimoja tu. Mdogo akimaliza, na atamaliza upesi, aende nje akacheze. Ugomvi mwingi wa mezani ni wa mtoto wa miaka mitano aliyelazimishwa kukaa saa nzima.

Desemba imefika na huoni alichojifunza

Sasa lete michoro kumi na miwili ya mlima. Kila mmoja uwe na jina na tarehe nyuma, na iwe imehifadhiwa ndani ya boksi lililonyooka, juu ya kabati, mchwa wasiifikie. Ipange sakafuni kwa mfuatano, Januari hadi Desemba, na umwite mtoto. Usiseme neno. Mwache aitazame.

Kisha tazama wewe, kama fundi. Ukiona ukingo wa mlima umebadilika kutoka mstari mmoja wa duara hadi mabonde na migongo yake halisi, kutazama kumeingia. Mwakani muongezee umbali, yaani miti ya karibu na milima ya nyuma. Ukiona umbo limekuwa zuri lakini mlima wa Agosti na wa Januari una weusi uleule, hajaona mwanga bado. Anza mwaka ujao na mkaa, asubuhi na jioni, kitu kilekile. Ukiona michoro imekua hadi Juni kisha ikadhoofika, rudi kwenye daftari lako uone nini kilitokea Julai. Mara nyingi ni mavuno, au ugonjwa, au mlibadilisha kifaa mapema mno. Na ukiona yote kumi na miwili inafanana kabisa, mtoto ameacha kuutazama mlima tangu mwezi wa pili, anachora anaoukumbuka. Mwaka ujao msogeze akae upande mwingine wa nyumba, amchoree jirani mti wake.